Siku moja Moshi mkitokea Arusha
Dada, umeuliza kama wewe na mashoga zako mnaweza kwenda Moshi na kurudi siku hiyo hiyo. Mbona ni kama kilomita 80 tu! Pandeni Coaster ya alfajiri, mkae kushoto, mlima uonekane kabla mawingu hayajaufunika.

Anzieni Chuo Kikuu cha Ushirika. Kilianza 1963 kama chuo cha ushirika, na si bure kikawekwa Moshi: wakulima wa kahawa wa Kichaga walishaunda KNCU, chama chao cha ushirika, tangu 1933. Msalimieni mlinzi getini vizuri, msijipitishe tu. Mchana tafuteni mtori wa moto, ule wenye mfupa ndani. Soko la Memorial liwe mwisho, mkianza nalo mtashinda kwenye mitumba.