Zamu ya usiku na saratani ya matiti: je, niache kazi?

Swali: Nina miaka 41, nakata minofu ya sangara kiwandani hapa Mwanza. Ni mwaka wa 9 sasa, wiki moja naingia usiku, wiki nyingine mchana. Nimeambiwa kazi ya usiku inaleta saratani ya matiti. Niache? Na nikilala mchana, si nimefidia?

Jibu: Usiache kazi kwa hofu hiyo, dada. Ni kweli kwamba mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka kazi za zamu zinazovuruga usingizi kwenye kundi la 2A, la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mwaka 2019 likapitia upya, kazi ya usiku ikabaki humo. Lakini nyama nyekundu nayo imo kundi hilo. Kundi linapima uzito wa ushahidi. Ukubwa wa hatari ni hesabu nyingine. Na ushahidi wenyewe unagongana. Utafiti wa wauguzi wa Marekani uliochapishwa 2001 uliona ongezeko la takriban asilimia 36 kwa waliofanya zamu za usiku miaka 30 au zaidi; utafiti mkubwa wa wanawake wa Uingereza, 2016, haukuona ongezeko lolote.

Usingizi wa mchana unafidia sehemu tu. Saa ya mwili hufuata mwanga. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini, na taa kali za usiku huipunguza. Wataalamu wanashuku kwamba hapo ndipo urekebishaji wa chembe za mwili na mpangilio wa homoni za kike huvurugika. Ukibadilisha zamu kila wiki, mwili unaanza kuzoea, kisha unaanza upya.

Kwa hiyo shughulikia mpangilio. Mwombeni msimamizi zamu za usiku zisizozidi tatu mfululizo, mapumziko ya saa 11 au zaidi kati ya zamu, na zamu zisogee mbele: asubuhi, jioni, ndipo usiku. Taa za kiwandani msipunguze, mnashika visu.

Ukitoka saa moja asubuhi jua limeshachomoza. Vaa miwani ya jua ndani ya daladala (kama unaendesha mwenyewe huku unasinzia, usivae), fika, lala moja kwa moja. Wengi hufua na kupika kwanza, wakijilaza saa sita bati limewaka, usingizi unakatika. Funika dirisha kwa kitenge kilichokunjwa mara mbili, simu iwe chumba kingine. Jioni kabla ya zamu, sinzia dakika 90. Chai au kahawa ya mwisho unywe zikiwa zimebaki saa 6 hivi kabla ya kulala. Mlo mkubwa ule kabla ya kuingia kazini. Usiku wa manane kula kidogo.

Usinywe pombe ili ulale. Pombe iko kundi la 1, imethibitishwa kuongeza saratani ya matiti, na ndiyo ningeiondoa kwanza kabla ya kuhangaikia zamu.

Kuna jambo hukuuliza: saratani inayoongoza kwa wanawake nchini ni ya mlango wa kizazi. Kwa umri wako unapaswa kupimwa. Kwa kipimo cha siki (mlango wa kizazi hupakwa siki ili mabadiliko yaonekane) ni dakika chache, na jibu unalipata siku hiyo hiyo. Mwombe mhudumu akukague na matiti. Ukigusa uvimbe mgumu, ukaona chuchu imeingia ndani, inatoa damu, au ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, nenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo, hata kama hakuna maumivu. Ikibidi watakupa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando.