Bwindi: usikubali kuhamishwa hoteli kabla hujasoma kibali chako cha gorila

Dada, usiwajibu watu wa hoteli "sawa". Na kama umeshawajibu, waandikie tena usiku huu huu kwamba hujakubali mpaka wajibu maswali nitakayoweka hapa chini.

Kwa mnaoingia sasa: dada anakuja na familia, watu wazima wanne na watoto wawili. Kalipa nusu kwenye hoteli mpya upande wa Rushaga, msitu wa Bwindi, Uganda, wanafika Desemba 20, vibali vinne vya kwenda kuona gorila ni vya tarehe 21. Jana hoteli imemwambia jengo limechelewa, "imebaki kumalizia tu", kwa hiyo siku mbili za kwanza watalala kwa mwenzao Buhoma, na siku ya tatu warudi Rushaga. Wanamwambia asijali, ni Bwindi ile ile. Anauliza akubali au adai pesa yake, pia kauliza habari za barabara.

Tuanze na hilo la Bwindi ile ile, maana ndilo litakalokula pesa yako.

Bwindi ni msitu wa kilomita za mraba 321 na safari za kuona gorila zinaanzia sehemu nne: Buhoma kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga kusini, Nkuringo kusini magharibi. Kibali hakikupi ruhusa ya kwenda popote kati ya hizo. Kina tarehe moja na sehemu moja, na makundi ya gorila yamegawanywa kwa sehemu. Ukiona jina la Nshongi, Mishaya, Bweza au Kahungye, hiyo ni Rushaga. Mubare, Habinyanja na Rushegura ni Buhoma. Bitukura na Oruzogo ni Ruhija.

Sasa piga hesabu. Kujiandikisha ni saa moja na nusu asubuhi, maelezo ya waongozaji saa mbili, kisha watu wanaingia msituni. Buhoma hadi Rushaga kwa gari ni mwendo wa saa tatu hadi nne, barabara ya milimani, sehemu kubwa changarawe na kona. Maana yake uamke saa nane usiku na uwe barabarani kabla ya saa kumi, gizani, ukungu umetanda, mvua za Septemba hadi Novemba ndiyo kwanza zimeacha barabara na mashimo. Lori moja likiserereka na kuziba njia, basi. Kundi la wageni lina watu wanane tu na halimngoji aliyekwama. Ukichelewa, kibali kimekwenda. Mwananchi wa Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda, na huyo shemeji yako mwenye pasipoti ya Uingereza kalipa dola 800. Ninyi wanne mtakuwa mmepoteza shilingi 900,000 na dola 800, kwa sababu ya kitanda cha usiku mmoja.

Hoteli haitakurudishia hiyo. Itasema kibali si biashara yake. Wakala atasema hoteli ndiyo iliyokuhamisha. Mimi neno "Bwindi ni Bwindi" niliuziwa na wakala mwenye picha ya gorila ukuta mzima wa ofisi, na kwenye risiti yake yote hakuandika hata mara moja jina la sehemu. Mtu anayeuza safari za huko anajua umbali huo. Kunyamaza kwake ni kosa, na bado linanikera mpaka leo nikiona mwingine anaambiwa maneno yale yale.

Kwa hiyo kanuni ni moja: hoteli inafuata kibali, kibali hakifuati hoteli. Toa kibali sasa hivi, soma sehemu iliyoandikwa, halafu waambie wakutafutie pa kulala sehemu hiyo hiyo. Rushaga ina nyumba za wageni nyingi, za bei ya chini na za bei ya juu. Ikibidi, Nkuringo ni jirani, kama saa moja kwa gari. Kisoro mjini nako kunafaa kuliko Buhoma, mradi utoke mapema. Wakikuambia watabadilisha kibali kiwe cha Buhoma, waulize kama wameshapata nafasi nne za tarehe 21 kutoka Mamlaka ya Wanyamapori. Wasikuambie "tutajaribu". Desemba kupata nafasi nne kwenye kundi moja la watu wanane ni kazi.

Na hilo la "imebaki kumalizia tu" lisikutulize hata kidogo. Kwenye ujenzi, kumalizia ndiko kwenye kelele. Kujenga matofali na kupiga lipu ni kazi za kimya. Kelele ni za kukata taili kwa grenda, kuchimba kuta kupitisha mabomba ya nyaya, na kukata vyuma vya madirisha na ngazi. Vumbi la taili linaingia hadi kwenye mashuka. Kibaya zaidi ni kumwaga slabu ya ghorofa nyingine: zege likishaanza kumwagwa haliachwi nusu, kwa sababu la leo na la kesho halishikani vizuri, kwa hiyo mashine itanguruma hadi usiku. Ukiona kwenye picha msitu wa miti imeshikilia mbao na nondo zimefungwa juu yake, kazi hiyo iko karibu. Waulize swali hili hili: "Slabu ya mwisho imemwagwa tarehe ngapi, na taili zimebaki vyumba vingapi?" Msimamizi wa kweli anajibu papo hapo. Anayesema "karibu tunamaliza" hajui, au anajua na anaficha.

Hoteli za huko hupenda kutangaza kufungua Desemba au Juni, wageni wanapoanza kuja. Lakini miezi hiyo yote inakuja mara baada ya mvua, yaani mchanga na saruji vilikuwa vinapanda mlima wakati malori yanakwama. Ndiyo maana zinachelewa, kila mwaka. Halafu kwa baridi ya huko lipu haikauki haraka. Wakiwahi kupaka rangi juu ya lipu mbichi, chumba kinanuka unyevu na godoro linashika ukungu. Ukifika, weka kiganja ukutani chini, pembeni ya kitanda. Kama kuna ubaridi wa majimaji, au unga mweupe kama chumvi unabaki mkononi, omba chumba kingine. Kisha fungua maji ya moto bafuni kwa dakika tano na uvute choo mara mbili mfululizo, kabla hujafungua begi.

Salio lako usilitume. Lilipwe mlangoni baada ya kujaribu hivyo vitu. Wakisisitiza kidogo kitangulie, tuma kwa namba ya malipo ya biashara yenye jina la hoteli, kamwe si namba ya meneja. Jina linatokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri, lisome. Pesa ikishaingia kwenye laini ya mtu na akaitoa, kuirudisha ni shida tupu.

Kila kitu kiwe maandishi. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uandikwe, kwa hiyo ahadi ya kwenye simu ni upepo. Ukiwa na maandishi na wakakataa kurudisha, upo utaratibu wa madai madogo mahakamani, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na hauhitaji wakili.

Kibali kikiwa kimeandikwa Rushaga, watumie hivi, ubadilishe majina tu:

"Nimelipia vyumba Rushaga kuanzia Desemba 20. Vibali vyetu ni vya Rushaga Desemba 21, saa moja na nusu asubuhi. Sikubali kulala Buhoma. Naomba mnijibu kwa maandishi kufikia kesho jioni: (1) jina la hoteli nyingine Rushaga mliyotulipia kwa siku hizo mbili, na uthibitisho kutoka kwao, (2) kama bei yake ni ndogo, tofauti itakatwa kwenye salio, (3) saa mtakayonipigia simu ya video kunionyesha vyumba tutakavyohamia Desemba 22, bomba likiwa wazi. Yakikosekana, nirudishieni malipo ya awali yote kwa namba ile ile niliyotumia."

Hiyo video waipige kwa simu mkiwa mnaongea, wasikutumie iliyohifadhiwa. Wakikujibu, weka jibu lao hapa kabla hujatuma hata shilingi.