Mtoto Hawezi Kusema Uani

SWALI: Shikamoo Mama. Ninaishi nyumba ya kupanga Manzese, vyumba sita, korido moja. Mpangaji mwenzangu anamtesa mtoto wa marehemu dada yake, msichana wa miaka 9. Anamchapa kwa waya. Nilikwenda kusema serikali ya mtaa. Afisa ustawi akaja na gari, akakaa na mtoto kwenye mkeka uani, akamuuliza. Mtoto akasema haonewi. Sasa nyumba nzima inaniita mchonganishi. Je, nimekosea?
Mpangaji, Manzese

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea hata kidogo. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa akatoe taarifa serikali ya eneo lake. Wewe umefanya hivyo. Palipoharibika ni pale mkekani.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka 22, na kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Ilikuwa Tandale. Mvulana alinijibu kila swali huku macho yakienda kwenye dirisha lenye pazia la kijani. Nikiuliza, pazia linatikisika. Sikulitilia maanani, nikaandika kwenye faili kwamba hakuna tatizo. Wiki mbili baadaye nilimfuata shuleni, tukakaa kwenye stoo ya vitabu, mwalimu wake akabaki mlangoni. Sijauliza neno, akavua shati. Mgongo ule bado nauona.

Unajua nyumba zetu: kuta nyingi hazifiki kwenye bati, mtu akikohoa chumba cha mbele, wa nyuma anasikia. Huyo binti alijua kwamba afisa ataondoka na gari lake, na yeye usiku atalala chumba kilekile na mama yake mdogo. Na gari lenyewe! Kabla halijazimwa, mtaa mzima unajua nani kafuatwa, na mtoto ameshaonywa. Mimi niliishia kuliacha kituo cha daladala, naingia kwa miguu na kanga yangu kama mgeni yeyote.

Usikubali mambo yaishie hapo, ila safari hii usiende serikali ya mtaa, maana wanaosubiri barua za utambulisho pale kwenye benchi wanasikia kila kitu. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, lakini piga ukiwa mbali na nyumbani. Taja shule anayosoma na darasa lake, omba wakamwone huko. Ukiona jeraha jipya usingoje kesho: nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na mtoto akifikishwa pale, omba aingizwe chumbani moja kwa moja, asisimamishwe kaunta kati ya mahabusu na askari.

Na akikusalimia kwenye korido, mwitikie kama siku zote. Usimuulize chochote karibu na ule mlango.