Kana ya dharura: gurudumu likigoma baharini

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi niko Arusha. Pamoja na mwenzangu wa Tanga tumenunua boti kuukuu ya tanga, mita 10, inayoongozwa kwa gurudumu kama gari. Chini ya kiti tumekuta bomba la chuma lililopindwa, ncha yake moja ina tundu la mraba. Mwenzangu anasema ni kana ya dharura. Inatumikaje?

JIBU: Marahaba. Mwenzako hajakosea. Ila tuelewane kwanza: huku bara usukani ni ule unaoshikwa mkononi, kwa wanabahari ni ubao ulio majini. Cha mkononi nitakiita gurudumu, na kana ni mpini wa kuugeuza ubao huo moja kwa moja.

Gurudumu huvuta mnyororo na waya zinazopita kwenye kapi hadi kwenye chuma cha umbo la robo duara, kilichobana mhimili wa usukani. Waya ikikatika, gurudumu linazunguka bure ilhali usukani wenyewe ni mzima. Hapo shusheni au punguzeni tanga, fungueni mfuniko mdogo sakafuni upande wa shetri, yaani nyuma ya boti, mchomeke kana kwenye kichwa cha mhimili. Tieni pini, isichomoke wimbi likipiga. Na kana ikisukumwa kulia, boti huenda kushoto.

Kwa maneno ni rahisi. Kwenye boti moja niliyosafiri nayo, mfuniko ulikuwa umeshikwa na chumvi, tukaubandua kwa tindo na nyundo huku boti ikijizungukia itakavyo. Siku hizi nikipanda boti ya mtu naanza na mfuniko huo: naufungua, naupaka grisi, ndipo nasalimia watu.

Angalieni pia kama kana haigongi nguzo ya gurudumu. Ikigonga, itabidi gurudumu lingolewe, kwa hiyo spana ya nati yake ifungeni pamoja na kana.

Halafu kuna uzito. Umewaona vijana wa gereji wakichomeka bomba kwenye spana ya tairi la lori? Hesabu ni ileile: kana ya sentimita 60 ikidai nguvu ya kilo 40, ya sentimita 120 itadai 20. Fundi wa kuchomelea wa hapo Unga Limited atakurefushia, mradi umpe bomba nene na vipimo vya nafasi iliyopo. Nafasi ikikosekana, fungeni kamba mbili kwenye ncha ya kana, moja kila upande, zipite kwenye kapi hadi kwenye winchi.

Waya ikiwa imenasa badala ya kukatika, kana haitasogea mpaka muilegeze. Vidole visikaribie ile robo duara kabla usukani haujazuiwa. Wimbi moja tu linavikata.

Jaribuni ndani ya ghuba ya Tanga, alfajiri, upepo ukiwa bado umelala. Ila msirudi nyuma kwa injini mkiwa na kana: maji yatauchukua usukani ghafla, na kana itakukuta mbavuni.