Kabla hujapaka ramani nyekundu

Kazi yangu ya kwanza kwenye nyanda kame niliifanya kwa picha mbili tu za Landsat, setilaiti za Marekani zinazopiga picha ardhi, zilizopishana miaka kumi na mitano. Nikazilinganisha, karibu nusu ya eneo ikatoka nyekundu, yaani uoto umepungua, nami nikaandika kwa kujiamini: ardhi imechakaa. Mwenzangu aliyenitangulia kazini akauliza jambo moja tu: zilipigwa lini? Ya zamani ilipigwa majuma mawili baada ya mvua. Mpya, kiangazi kikiwa kimekolea. Nilikuwa nimepima msimu.

Kwa hiyo wewe unayeanza, achana na picha mbili. Hazina ya Landsat ni ya bure tangu 2008, na picha zake, ambazo kila pikseli (nukta moja ya picha) ni mita 30 ardhini, zinarudi nyuma hadi miaka ya 1980. Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, inakupa mita 10 kuanzia 2015. Chukua mfululizo mzima. Wala usidhani kuchagua mwezi uleule kila mwaka kunatosha, maana mvua ikichelewa majuma matatu hesabu yote imeharibika. Mimi hutafuta kilele cha NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, cha kila msimu, popote kitakapoangukia.

Halafu lete mvua. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. NDVI ikishuka nawe huna takwimu za mvua, hujajua kitu. Takwimu za CHIRPS, makadirio ya mvua kutoka setilaiti na vituo vya ardhini, zinaanzia 1981: kokotoa, kwa kila pikseli, kijani ambacho mvua ya msimu huo ingepaswa kuleta, kisha tazama tofauti. Mvua imenyesha vizuri na nyasi hazikuitikia kama zamani? Simama hapo, ndipo pa kushuku uharibifu. Chunga pia mwaka wa kuanzia. Ukianzia Sahel, ukanda mkame ulio kusini mwa Sahara, kwenye ukame wa 1984, sehemu kubwa itaonekana inastawi tu.

Udongo mtupu nao huidanganya NDVI, hasa ule unaong'aa. SAVI, kipimo cha ukijani kinachorekebisha athari ya udongo, ilibuniwa 1988 kwa ajili ya shida hiyo, inasaidia, haiponyi.

Ukitakiwa kuripoti kiashiria 15.3.1, kile cha Malengo ya Maendeleo Endelevu kinachopima ardhi iliyoharibika, kumbuka kinaangalia mambo matatu: kinachofunika ardhi, uzalishaji wa ardhi na kaboni ya udongo. Moja likishuka, pikseli yote inahesabiwa imeharibika. Ukikosea kuita kichaka nyasi, kosa lako linaweza kwenda kwenye ripoti kama uharibifu.

Na nenda uwanjani, tafadhali. Pikseli moja iliyokuwa ikizidi kijani mwaka hadi mwaka niliifuata kwa GPS nikitarajia malisho. Nikakuta mathenge, mti vamizi wa kigeni, miiba mitupu, chini yake hakuna hata unyasi mmoja. Mfugaji niliyekuwa naye akanivuta hatua chache kando, akachuchumaa, akanionyesha mashina ya nyasi yamesimama juu ya vijiguzo vya udongo, mizizi nje. Maji yalikuwa yamekomba udongo wote uliokuwa kati yake. Nikatoa rula: sentimita nne. Kwenye ramani yangu pale palikuwa kijani kibichi.