Machozi yanatoka, mbona naambiwa jicho limeziba?

Ndugu, umesema daktari kakuambia njia ya maji ya jicho imeziba, nawe unashangaa kwa kuwa machozi yanatoka kama kawaida. Hayo ni maji mengine kabisa. Machozi huosha jicho kwa nje tu.

Maji anayozungumzia hutengenezwa ndani, nyuma ya lile duara lenye rangi. Hupenya kwenye tundu jeusi la katikati, huja mbele, kisha hutokea pembeni, kwenye kona ambapo duara hilo hukutana na konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho. Hapo kuna tishu kama sifongo. Yakishapita humo huingia kwenye mfereji mwembamba na kurudi kwenye damu. Sifongo hiyo ikikaza, maji hayakomi kutengenezwa, presha inapanda, na neva ya jicho inaumia polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote. Kuumia huko kwa neva ndiko huitwa glakoma.

Presha ya kawaida ya jicho ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, ila usitulie kwa namba peke yake. Wapo wenye glakoma na presha yao ni ya kawaida. Omba daktari akague kona na neva yenyewe. Ukipewa matone ya dawa ya jicho, usiyaache hata ukiona vizuri, na ndugu zako wa damu wapimwe pia.