Karakana ya kioo cha tanuri Lamu: anza na kioo, tanuri litafuata

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: ninunue tanuri gani la kuyeyushia kioo na kutengenezea sahani? Vijana wa Langoni na Mkomani wanaopita karakanani huanzia hapo, na wa Malindi wanaoniandikia vilevile. Mimi huwarudisha nyuma hatua moja. Kwanza niambie ni kioo gani utaweza kukipata mwezi wa Julai, kusi ikivuma, bahari imechafuka na mizigo imekwama ng'ambo. Ukishakijua kioo chako, utajua tanuri la kiasi gani linakufaa, joto gani, kalibu gani ya kukipa kioo umbo, na hata nani atanunua kazi yako.

Sababu yenyewe iko ndani ya kioo. Kioo hutanuka kikipata joto na hunywea kikipoa, na kila aina ina kiasi chake. Ukiweka aina mbili zisizolingana tanurini zitayeyuka, zitashikana, na zitatoka ziking'aa kama kazi nzuri yoyote. Lakini ndani kila moja inavuta upande wake. Sahani hiyo inaweza kupasuka jioni ileile, au ikapasuka mwezi ujao ikiwa mezani kwa mteja. Hakuna dawa ya hilo. Ndiyo maana viwanda vya kioo cha sanaa huuza bidhaa zao kwa namba ya mtanuko: Bullseye ya Portland, Marekani, ni 90, vingine ni 96, na 90 haichanganywi na 96. Rangi za vioo hivyo ni nzuri mno, sikatai. Ila kwa anayeanza kisiwani sivishauri. Rangi moja ikikuishia, unasubiri ndege, forodha, basi la kutoka Mombasa, kisha boti ya Mokowe, na oda ya mteja imelala.

Mimi nafanyia kazi kioo cha kawaida cha dirisha, cheupe, cha milimita 3 na 4. Mafundi wa madirisha ya alumini Malindi na Mombasa hubaki na vipande kila wiki, na wengi hukupa kwa bei ya chini kwa sababu vinawajazia duka. Shikamana na fundi mmoja, kwa kuwa kioo cha dirisha cha kiwanda hiki si lazima kilingane na cha kile. Na hata kwa fundi huyo mmoja, vipande viwili vitakavyolaliana kwenye sahani moja vikate kutoka kwenye kioo kimoja. Usichukue kioo kigumu cha milango ya maduka, kile kinachovunjika chembechembe: hakikatiki. Cha mbele cha gari nacho kina plastiki katikati, kiache.

Kukivusha ni kazi ya kuangaliwa kwa macho yako mwenyewe. Kioo husafiri kikiwa kimesimama wima, kimebanwa kwenye fremu ya mbao, na magazeti katikati ya kila kipande. Kikilazwa, hata kwenye boti tulivu, kinaweza kuvunjika kwa uzito wake. Pale gatini Lamu mimi sikitii kwenye shogi za punda. Nawalipa hamali wawili wakibebe fremu hadi mlangoni, maana njia zetu ni nyembamba na punda hugusa kuta pande zote mbili.

Na chupa? Hoteli za Shela zina chupa za mvinyo tele, na kuzigeuza kuwa sahani na taa ni kazi ya heshima. Kanuni ni kwamba kila chupa ijitegemee. Chupa moja ukiilaza na kuiyeyusha peke yake haina shida. Chupa mbili za kijani zinazofanana kabisa huenda zimetoka viwanda viwili, na hapo unarudi kwenye balaa la mtanuko.

Ukitaka kujua kama vioo viwili vinaelewana, fanya jaribio hili. Weka kipande kidogo cha kimoja juu ya kingine, kiyeyushe na ukipoze vizuri. Kisha fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kompyuta ya mkononi, shika kioo mbele ya skrini, na ukitazame kupitia miwani ya jua ya polaroidi. Izungushe miwani mpaka skrini iwe nyeusi. Kama vioo vimepatana, kila kitu kinabaki cheusi. Kama havikupatana, utaona mwanga umezunguka kile kipande kidogo mithili ya mwezi uliofanya duara. Mwanga huo ndio mvutano. Jaribio halikugharimu chochote zaidi ya miwani, na ningependa kila mwenye tanuri Pwani alifanye kabla ya kuuza chochote.

Sasa tanuri. Tafuta lenye koili, yaani waya unaotoa joto, juu kwenye kifuniko, kwa sababu kioo ni bapa na kinataka joto likishukie sawasawa. Tanuri la mfinyanzi lenye koili ubavuni litafanya kazi, lakini kingo zitapata moto kabla ya katikati, kwa hiyo upandishe joto polepole zaidi. Kontrola ya kupanga hatua za joto ni ya lazima. Muulize muuzaji jambo moja: stima ikikatika na kurudi, kontrola inaendelea ilipoachia au inasimama? Jibu hilo kwetu lina thamani kuliko ukubwa wa tanuri.

Soketi ya kawaida ni ampea 13, na kwa volti 240 hiyo ni takriban kilowati 3. Tanuri dogo la sahani ya sentimita 30 linaweza kuingia hapo. Likizidi, mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, akuvutie waya wake peke yake kutoka kwenye mita, na ethi (waya wa usalama unaoshuka ardhini) iliyopimwa. Nyumba nyingi za mji wa kale zina waya zilizowekwa kwa ajili ya taa na feni. Sola ya nyumbani ya taa na friji nayo haitaweza mzigo huu.

Chumvi ya bahari ni adui wa kudumu. Huingia kwenye sehemu za kuungia waya na kwenye rilei, swichi inayowasha na kuzima koili, na pakishika kutu joto hupotea pale pale. Weka tanuri mbali na dirisha la upande wa bahari, lifunike likipoa, na kila baada ya miezi michache zima stima kabisa, ukaze skrubu za koili na ufute kijani kinachoota kwenye shaba.

Kwa sahani ya tabaka mbili za milimita 3, mimi hupandisha nyuzi 150 za Selsiasi kwa saa hadi 540, kisha hadi 670 na kukaa nusu saa ili hewa itoke katikati. Halafu haraka hadi 820, dakika kama kumi. Pale kati ya 700 na 760 usikawie, maana kioo cha dirisha kikichelewa hapo hufanya ukungu mweupe usiofutika. Kila tanuri lina tabia yake, kwa hiyo anza na namba hizi na kipande cha majaribio, na uandike kila kitu daftarini.

Kupoza ndiko kunakotenganisha kazi na takataka. Likishuka hadi 550, joto lisimame hapo saa nzima: kioo kinapumzika, ndani na nje vinakuwa na joto moja. Kisha nyuzi 60 kwa saa hadi 370, na baada ya hapo zima na uondoke. Usifungue kuchungulia. Kontrola ikionyesha joto ambalo mkono unaweza kuligusa bila kushtuka, hapo fungua.

Stima ikipotea katikati ya safari hiyo, kifuniko kibaki kimefungwa. Tanuri zuri hupoa polepole lenyewe. Stima ikirudi, pandisha tena taratibu hadi 550 na uanze mapumziko upya. Kupumzisha kioo kunaweza kurudiwa bila madhara. Na kabla hujawasha, tazama tokeni. Ni jambo dogo, lakini mita ikisoma uniti mbili saa nne usiku tanuri likiwa 600, utatafuta wa kukutumia hela ukiwa na jasho.

Kuhusu kalibu nitasema kidogo. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kung'aa, wenye tundu la hewa chini, ni wa kukunjia kioo kwa ndani, yaani kioo bapa kilainike na kuzama ndani yake. Bakuli la stenlesi la madukani ni la kukunjia kwa nje, kioo kikilala juu ya mgongo wake, kwa sababu chuma hunywea kuliko kioo na kioo kikiwa ndani yake hubanwa kikapasuka. Joto la kukunja ni karibu 700. Rafu na kalibu zipakwe mchanganyiko wa kaolini na alumina haidreti, unga unaozuia kioo kunata, mikono kadhaa, kisha zikaushwe kwa joto la 260 kabla ya kazi. Hewa yetu ina maji hata siku ya kaskazi kavu. Unga huo, na vumbi la kioo, havifai mapafuni. Vaa barakoa ya vumbi ya kweli, sugua kingo kwa maji, na sakafu ipigwe deki, isifagiliwe. Watoto wa mtaani wanapenda kuingia kutazama. Waonyeshe kazi iliyokwisha, mlangoni.

Cha kuuza anza na vitu vidogo: visahani vya sentimita 10, na duara za ukutani zenye umbo la macho ya mashua zetu. Mgeni anavifunga kwenye kikoi na kuondoka navyo. Waya mwembamba wa shaba kati ya tabaka mbili hutoa rangi bila kununua rangi. Rangi usiyoijua ilivyotengenezwa isiguse sahani ya chakula. Soma mita kabla na baada ya kila moto, ugawe gharama kwa idadi ya vipande vilivyotoka vizima, na bei yako ianzie hapo. Hoteli ikikuomba beseni la kunawia, kumbuka kwamba unene ukiongezeka maradufu, muda wa kupoza huongezeka zaidi ya mara mbili. Usichukue arubuni mpaka umeshapika moja na kulipitisha mbele ya skrini.